Ua la sinki, bafu la kukunja, wavu na boya: vifaa vya kumwogeshea mtoto mchanga

Ukizunguka Kariakoo kwenye maduka ya vitu vya watoto utakuta vifaa vya kuogeshea ambavyo kwa kuvitazama tu huwezi kujua ni vya nini. Baadhi nilinunua, vingine nililetewa nilipojifungua, na binti yangu ameogea karibu vyote.

Kinachopendeza kuliko vyote ni ua la sponji. Unalitandaza ndani ya sinki, mtoto analala katikati ya petali, na kweli anatulia kwa sababu hagusi sinki la baridi. Shida inaanza akishatoka. Ua limenyonya maji, unalikamua petali moja moja huku mtoto analia anataka kunyonya, na wakati wa masika hapa Dar halikauki hadi kesho yake. Langu lilipata vidoa vyeusi vya ukungu kwenye mishono, nikalitupa. Ngozi ya mchanga si ya kulaza kwenye ukungu.

Bafu la kukunja ni zuri kwa sisi wa vyumba viwili: linasimama nyuma ya mlango. Kizibo chake hubadilika rangi maji yakizidi joto, ila mimi bado natumbukiza kiwiko, maana maji yanayofaa ni ya nyuzi 37 au 38 tu na rangi huchelewa. Mikunjo yake inashika utando wa sabuni, kwa hiyo uwe na mswaki wa zamani wa kusugulia. Na liwekwe sakafuni, kamwe si mezani, kwa sababu miguu yake hujikunja.

Wavu ndio nausifia. Unafungwa juu ya beseni la kawaida kwa kulabu, mtoto analala kichwa kikiwa juu, mkono mmoja unamshika na mwingine unaosha mikunjo ya shingo na nyuma ya masikio bila haraka. Ukimaliza unauanika kambani pamoja na nepi, na unakauka mapema kuliko nepi zenyewe. Ni wa bei ndogo kuliko vyote hivi. Kagua kulabu kila mara kabla ya kumlaza.

Boya la shingoni msinunue, nawaomba. Ni pete ya plastiki ya kujaza upepo, mtoto anaachwa aelee akining'inia kwa shingo. Juni 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya wazazi wasiyatumie: mtoto anaweza kuzama, kukosa hewa au kuumia shingo, na tayari mmoja alikuwa amefariki na mwingine kulazwa. Muuzaji aliniambia linaimarisha misuli. Shingo ya mtoto wa miezi miwili haijaweza hata kubeba kichwa chake!

Kofia ya kuzuia povu machoni isubiri mtoto akae mwenyewe. Kwa mchanga inateleza tu.

Wifi yangu anajifungua mwezi ujao. Nimeshamnunulia wavu, beseni analo.