Mapenzi kwenye dirisha la jikoni: riwaya niliyoifurahia Desemba hii

Hii ni hadithi ya mapenzi ya Krismasi, nyepesi, ya watu wawili wanaofanya kazi katika mkahawa mdogo nchini Uingereza. Tangu sura ya kwanza unajua watapendana. Mimi nilijua, na bado niliisoma hadi saa nane za usiku. Ninaipa nyota nne kati ya tano.

Nakala yangu ni ya mtumba, niliyoinunua kwa shilingi 150 kwa wauza vitabu wa kando ya Mtaa wa Tom Mboya, Nairobi. Jalada lilishabanduka, lakini hadithi yote imo.

Mwanamke mmoja amerithi mkahawa wa shangazi yake, na madeni juu. Novemba ikielekea kwisha mpishi wake anaacha kazi, naye analazimika kuajiri shefu aliyetoka hoteli kubwa ya London, mtu wa maneno machache anayeonja kila sufuria mara mbili. Desemba yote imejaa oda za sherehe za maofisi. Hapo katikati ya bata mzinga na milima ya vyombo vichafu ndipo mapenzi yanapoanza.

Nimehudumu mezani katika mikahawa ya katikati ya jiji kwa miaka kadhaa, kwa hivyo hadithi za namna hii huwa nazisoma nikizikagua. Waandishi wengi huuweka mkahawa uwe pambo tu: mishumaa, divai, theluji nje. Huyu anaijua kazi. Anajua kwamba wakati wa msongamano wa mchana hakuna anayeitwa kwa jina lake, ni namba za meza tu zinazopigiwa kelele. Anajua kwamba weita akirudi na sahani iliyokataliwa, jikoni nzima humtazama shefu usoni kabla ya kuitazama ile sahani. Anajua pia ule unyamavu wa ghafla mteja wa mwisho anapolipa bili na kutoka, ndipo unahisi miguu inavyouma.

Sehemu kubwa ya mapenzi yao inapita kwenye lile dirisha ambapo chakula kinatoka jikoni. Kwa kurasa nyingi wanaonana mikono tu. Mwenye mkahawa anaanza kumwachia shefu kikombe cha chai hapo saa tatu usiku, kwa sababu ameona kwamba mtu huyu hulisha watu wote na yeye mwenyewe hali. Hakuna anayesema neno. Shefu naye anaanza kufuta kingo za sahani za meza za mwanamke huyo kwa uangalifu kuliko za wengine. Halafu inafika jioni moja kikombe hakipo, na mwandishi anaeleza jioni hiyo kwa mistari michache tu. Nilikiweka kitabu chini kwanza.

Shule ya bweni tulipitishiana riwaya za mapenzi za Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908, na nilizipenda sana. Lakini zile zilizonifikia mimi wanaume wake walikuwa matajiri na madaktari ambao kazi yao huioni. Hapa kazi ndiyo inayosema. Shefu amefundishwa kwa mpangilio ule ambao mpishi Mfaransa Auguste Escoffier aliutumia katika hoteli ya Savoy ya London miaka ya 1890, kila mpishi na kituo chake: huyu sosi, yule nyama za kuchoma, mwingine keki. Anajaribu kuuleta katika jikoni la watu watatu, na vurugu inayotokea ni ya kuchekesha kwelikweli.

Kilichonivutia zaidi ni pudini, ile keki nzito ya matunda makavu. Kwa desturi ya Waingereza, pudini ya Krismasi hukorogwa Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio (majuma ya kungoja Krismasi), kila mtu wa nyumbani akishika mwiko kwa zamu na kuomba jambo moyoni. Hupikwa kwa mvuke kwa saa nyingi, ikawekwa kwa wiki kadhaa, na siku yenyewe humwagiwa brandi na kuwashwa moto. Hawa wawili wanaikoroga ya shangazi wakiwa bado hawapatani, na tangu hapo inakaa kabatini ikingoja. Mapenzi yao yanapewa muda uleule. Riwaya nyepesi huwa na haraka, hii haina.

Kasoro zipo. Inafika barua ya kumrudisha shefu London, mwenye mkahawa anaisikia kwa mtu mwingine, na swali moja lingemaliza mambo ambayo yanavutwa kwa sura nne. Madeni nayo yanaisha kirahisi mno mkononi mwa mteja tajiri. Na kijana anayeosha vyombo hapewi hata jina, jambo lililoniuma, maana bila yeye mkahawa wowote haufiki saa tisa mchana.

Lakini kuna jambo ambalo sijalikuta katika hadithi nyingine ya sikukuu. Nairobi ikifika wiki ya Krismasi watu wanapanda mabasi kwenda mashambani, nauli inapanda, mitaa inabaki wazi. Sisi wa mikahawa tunabaki. Tarehe 25 tunapangia familia za wengine meza, na za kwetu tunawapigia simu tukiwa kwenye mapumziko. Katika riwaya hii, usiku wa mkesha, mlango ukishafungwa, wafanyakazi wote wanaunganisha meza mbili na kula kilichobaki, wakiwa bado na aproni. Hapo ndipo shefu anapomwambia mwenye mkahawa anachotaka kumwambia, mbele ya wote, akiwa na kijiko mkononi. Nililia, na yalikuwa machozi ya furaha.

Nimemwazima keshia wetu. Amefika kwenye ile barua, na jana alinikataza kumwambia kinachofuata hata kabla sijafungua mdomo.