9.3x62 au .375 H&H kwa nyati?

Hapa Nakuru nyati tunawaona mbugani kando ya ziwa, lakini kwa macho tu: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Anayetaka kuwinda kihalali huvuka hadi Tanzania, na hapo ndipo mjadala wa risasi unapoanza: kati ya aina hizi mbili za risasi za bunduki kubwa, ipi inafaa nyati?

.375 H&H (Holland & Holland) ya Waingereza (1912) hurusha kichwa cha risasi cha gramu 19.4 kwa takriban mita 770 kwa sekunde. 9.3x62, aliyoibuni Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, hurusha gramu 18.5 kwa mita 720 hivi. Mbali, kwa pofu uwandani, .375 inashinda. Lakini nyati hupigwa karibu, na hapo teke la bunduki, yaani inavyokusukuma begani ikifyatuliwa, ndilo linaloamua; la .375 ni kali zaidi. Mpigaji anayeogopa teke hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa. Risasi inatua tumboni, na mnyama aliyejeruhiwa anaingia kichakani kumsubiri.

Mimi ningechagua 9.3. Inaingia kwenye Mauser (bunduki ya Kijerumani) ya kawaida, bunduki inakuwa nyepesi, na ikilengwa begani mwa nyati, theluthi ya chini ya kiwiliwili, inapenya vizuri. Ila angalia sheria kwanza: nchi kadhaa huweka kipenyo cha .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari.