Fimbo ya miguu minne kwa mzee aliyepata kiharusi: uzoefu wangu

Fimbo hizi za alumini zenye miguu minne chini zinapatikana karibu kila duka la vifaa tiba. Nimewafundisha wazee kuzitumia, wa kiharusi na wa ajali za kichwa, na nazikubali. Kinachoniuma ni kuona fimbo imerekebishwa vibaya, halafu mzee ndiye anaambiwa hataki kujifunza.

Anza na urefu. Mzee asimame na viatu atakavyotembea navyo, mikono ikining'inia. Mpini uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiushika, kiwiko kipinde kidogo tu. Matundu ya kurekebishia yameachana kama sentimeta 2.5, kwa hiyo ukikosea tundu moja tayari ni tatizo: ikizidi urefu bega linapanda na hawezi kuikandamiza, ikiwa fupi analala upande. Hakikisha kitufe kinachofunga urefu kimechomoza chote kwenye tundu.

Inashikwa na mkono mzima, siyo upande uliopooza. Na kitako chake kina upande: ulionyooka ukae karibu na mguu wa mzee, miguu iliyotanuka itazame nje. Kama imekaa kinyume, bonyeza kitufe uzungushe kitako. Kosa hili ndilo ninalokutana nalo zaidi, na mzee hujikwaa kwenye fimbo yake mwenyewe.

Mwendo ni fimbo, mguu dhaifu, mguu mzima. Miguu yote minne iguse chini pamoja ndipo aegemee. Akiharakisha, miwili inatangulia na fimbo inayumba. Kwenye mchanga au kokoto ni vivyo hivyo. Hiki ni kifaa cha mwendo wa taratibu na sakafu tambarare. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia fimbo na mguu dhaifu. Kitako kipana hakienei kwenye ngazi nyembamba, kwa hiyo pima kabla ya kununua.

Wazee wenyewe hulalamikia kelele zake kwenye vigae, na wengine huona haya kwenda nayo msikitini au kanisani. Wasikilizwe. Wengine huibeba hewani tu. Huyo ama mguu umepata nguvu na fimbo ya kawaida itamtosha, ama ubongo haujashika mpangilio wa hatua. Mpe neno moja moja: "Fimbo. Mguu. Mguu." Usimwongeleshe mambo mengine akiwa anatembea, kwa kuwa baada ya jeraha la ubongo kutembea kunamaliza umakini wote alionao. Akianza kuburuza hatua, akae.

Ubongo ukiumia upande wa kulia, mzee anaweza kusahau kabisa kushoto kwake: bega linagonga fremu ya mlango, chakula cha upande huo wa sahani kinabaki. Kwa huyo fimbo peke yake haitoshi. Msaidizi akae kushoto kwake, nyuma kidogo, ashike mkanda wa kiunoni. Asiuvute mkono uliopooza, bega litaumia.

Ndala zikae kando. Viatu viwe na mkanda wa kisigino. Vidole vikiburuza chini, fimbo haiondoi hilo: muulize mtaalamu wa fiziotherapia kuhusu kifaa cha plastiki kinachoshika unyayo na kifundo.

Raba za chini zikaguliwe mara kwa mara. Zikilika badilisha zote nne kwa pamoja, maana moja mpya na tatu zilizolika huifanya fimbo isimame upande, na kwenye sakafu yenye maji itateleza. Mzee akianguka akagonga kichwa, apelekwe hospitali hata akisema yu mzima, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, na dalili zikaja wiki kadhaa baadaye: kusinzia kupita kawaida, kuchanganyikiwa, kichwa kuuma, au mguu uliokuwa umeanza kupata nguvu kulegea tena.