Kununua kompyuta ya mezani Bukavu: matundu yapi ya zamani bado yana kazi?

Mtu anayefungua sekretariati Nyawera au Kadutu hununua kompyuta akiwa tayari ana vifaa vingine: skrini aliyoachiwa na kaka yake, onduleri, pengine na imprimanti nzito ya fakturi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kasi ya mashine, aigeuze atazame mgongo wake. Tundu ambalo adapta ya bei ndogo yaweza kulirudisha halistahili kuongezewa pesa. Lile linaloishinda adapta ndilo la kulipia.

Nafasi ya kwanza naipa kompyuta ya ofisi iliyotumika, yenye kasha la kawaida, prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au cha baadaye, na tundu la buluu la VGA la kuchomekea skrini, ambalo IBM ililianzisha mwaka 1987. Windows 11 inaikubali prosesa hiyo, jambo lenye uzito tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kasha lake pia lina nafasi ya kupachika kadi yenye tundu la LPT la pini 25, lile la imprimanti za zamani, na hapo ndipo penye faida kwa mwenye imprimanti nzito ya fakturi, ile ya sindano. Imprimanti ya sindano hugonga utepe wa wino kwa nguvu, hata maandishi yakapenya karatasi za kaboni na kutoa nakala tatu kwa mara moja. Ya leza haigongi, hivyo mfanyabiashara wa fakturi za kaboni haimfai. Kebo ya kugeuza USB kuwa LPT ipo, lakini programu ya zamani inayotafuta LPT1 (jina la tundu hilo ndani ya kompyuta) moja kwa moja mara nyingi haiioni.

Ya pili ni mashine ya zamani zaidi, mfano HP EliteDesk 800 G1, yenye VGA, tundu la siriali la vifaa vya zamani na matundu ya duara ya PS/2 ya kibodi na kipanya. Haimo katika orodha ya Windows 11, kwa hiyo inamfaa anayekubali Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. PS/2 zisikutamanishe: nimewahi kunyoosha kwa sindano ya kushonea pini ya kibodi iliyopinda, ilhali kibodi ya USB ingenimalizia shida hiyo.

Ya tatu ni kompyuta ya mezani ndogo sana, ya ukubwa wa kiganja. Hula umeme kidogo, na mwenye onduleri atafurahi unapokatika, lakini kadi haiingii. Ikiwa ina HDMI tu, tundu la skrini za kisasa, nunua adapta ya VGA yenye chipu ndani. Kebo tupu isiyo na chipu haitaonyesha kitu.

Mashine mpya kabisa naiweka mwisho kwa sababu ya bei. Cha ajabu, bodi (ubao mkuu wa kompyuta) nyingi za bei ya chini bado zina VGA huku za ghali zikiwa zimeiacha. Angalia jina la prosesa: zile za Intel zinazoishia na herufi F, kama i5-12400F, hazina grafiki ndani, yaani sehemu ya kutoa picha, na tundu la VGA kwenye bodi litabaki pambo hadi ununue kadi ya grafiki.

Kwa DVD, kisomaji cha nje cha USB kinatosha.

Muuzaji atakuambia mashine imetoka Bulaya na haina shida. Mwombe uijaribu kwa skrini yako mwenyewe, hata ikibidi uibebe kwa motari, na usitoe dola kabla picha haijatokea.