Kupimwa kumbukumbu Lubumbashi: kinachostahili kulipiwa na kinachoweza kungoja

Huduma ninayoitathmini hapa ni uchunguzi wa kumbukumbu unaotolewa na kliniki moja ya binafsi mjini Lubumbashi kwa watu ambao wazazi au ndugu zao wamepatwa na dimensia, lakini wao wenyewe bado wanajiona wazima. Jina la kliniki naliacha, kwa kuwa lawama nilizo nazo ningeweza kuzikuta mahali pengine, na sifa vilevile. Tulikwenda watu watatu wa tumbo moja: yaya wetu, mzaliwa wa kwanza, aliyezeeka katika ufundi wa mitambo, dada yetu anayeuza vitambaa katika komini ya Kenya, na mimi. Mama yetu alipovuka miaka 70 alianza kurudia swali moja asubuhi nzima kana kwamba hajajibiwa, na mama mdogo akafuata njia hiyohiyo. Hofu hiyo ndiyo iliyotupeleka.

Daktari hakuanza na mashine. Alichukua karatasi nyeupe akachora ukoo wetu kuanzia kwa nkambo (babu na bibi), miraba kwa wanaume na miduara kwa wanawake, na kwa kila mmoja akauliza alifariki akiwa na umri gani, na kama kumbukumbu yake iliharibika, iliharibika lini. Jibu la swali la pili ndilo alilolipigia mstari. Dimensia inayoanza baada ya miaka 70 ni jambo moja. Ile inayowakamata watu kadhaa wa ukoo mmoja kabla ya miaka 60, kizazi baada ya kizazi, ni jambo jingine kabisa, kwa sababu hapo hushukiwa kasoro katika mojawapo ya jeni tatu zinazojulikana, yaani APP, PSEN1 na PSEN2, na kila mtoto wa mwenye kasoro hiyo ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Familia za namna hiyo ni nadra sana: wagonjwa wao hawafikii mmoja katika kila wagonjwa 100 wa Alzheimer, aina ya dimensia inayoonekana zaidi. Sisi, kwa umri wa mama zetu, hatukuonekana kuwa miongoni mwao. Kuwa na mzazi mgonjwa kunaongeza hatari, daktari hakuficha, lakini alisema wazi kwamba watoto wengi wa wagonjwa wa uzeeni hawaugui.

Hata hivyo ni familia hizo adimu zilizowafundisha watafiti jinsi ugonjwa unavyoanza kimyakimya. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 na mradi wa kimataifa uitwao DIAN, ambao huwafuatilia watoto wa wagonjwa wa namna hiyo, kiwango cha protini ya amiloidi katika maji ya uti wa mgongo kilionekana kuanza kubadilika takriban miaka 25 kabla ya umri ambao dalili zilitarajiwa. Amiloidi kujikusanya katika ubongo na ubongo wenyewe kuanza kusinyaa, takriban miaka 15 kabla. Na kumbukumbu ya matukio ya karibuni kudhoofika, kama miaka 10 kabla. Dada yetu aliposikia hayo aliuliza kwa nini basi tusipigwe picha ya kichwa siku ileile. Jibu la daktari lilikuwa zuri, nami nitalirudia mbele, kwa sababu mapokezi ya kliniki yaleyale yalijibu tofauti.

Kazi yenyewe ya kupima ilifanywa na mwanasaikolojia kijana, mwenye adabu na subira, katika chumba kisicho na kelele. Alitumia mtihani wa alama 30 uliotungwa na Folstein na wenzake mwaka 1975, ambao huuliza tarehe, mahali, hesabu na mambo ya namna hiyo, kisha akaongeza zoezi la maneno matano la daktari Mfaransa Dubois, na mwisho akaomba kila mmoja achore saa. Zoezi la maneno matano ndilo ninalolisifu zaidi. Unaonyeshwa maneno, unayarudia ukisaidiwa na kundi lake (lipi ni kinywaji, lipi ni gari), unashughulishwa na jambo jingine, kisha unaulizwa tena. Asiyekumbuka mwenyewe hupewa kidokezo. Akikumbuka kwa kidokezo, neno lilihifadhiwa, shida ni kulichota tu, jambo linaloweza kuletwa na uchovu, huzuni au umri; asipokumbuka hata kwa kidokezo, neno halikuhifadhiwa kabisa, na hapo ndipo daktari huifikiria hipokampasi, ile sehemu ndogo ya ndani ya ubongo inayoandika mambo mapya na ambayo Alzheimer huishambulia mapema. Mimi nilisahau neno moja nikalipata kwa kidokezo. Nilikuwa nimeogopa bure wiki nzima.

Lawama yangu ya kwanza iko hapohapo. Mtihani umeandikwa kwa Kifaransa, na yaya wetu aliacha shule mapema. Mwanasaikolojia alipoona anasitasita, akaanza kutafsiri papo hapo kwa Kiswahili, kwa moyo mwema, lakini matokeo yakahesabiwa kwa kipimo kilekile kilichotengenezwa kwa watu waliosoma Ufaransa. Alipoambiwa, «Papa, weka mishale kwenye saa tano na dakika kumi,» aliuliza kama mshale mfupi uende penye tano au penye kumi na moja. Nadhani swali hilo peke yake lilionyesha akili timamu kuliko mchoro wowote. Katika kutoa saba kutoka 100 alikwama mara ya pili. Akaomba aulizwe kwa faranga, akatoa mia saba saba kutoka elfu kumi bila kupumua. Hakuna mahali kwenye fomu pa kuandika hilo.

Si jambo geni. Watafiti walioanza mwaka 1992 kulinganisha wazee wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis walilijua tatizo hili, ndiyo maana walitumia maswali yaliyobuniwa ili yawafae hata wasiosoma, pamoja na mahojiano na ndugu anayeishi na mzee. Kliniki yetu, nikiri haki yake, ilifanya sehemu ya pili ya jambo hilo, na iliifanya vizuri. Mke wa yaya aliitwa peke yake, akaulizwa kama mumewe anarudia hadithi, kama amewahi kupotea katika njia anayoijua, kama bado anakumbuka nani anadaiwa na nani amelipa. Madeni, alisema shemeji, hayasahau hata moja. Daktari aliyapa maelezo hayo uzito kuliko alama, na katika ripoti aliandika kwamba alama za chini za yaya zisomwe kwa kuzingatia elimu na lugha. Ningependa tu sentensi hiyo iwe kwa herufi kubwa, maana ripoti za hospitali huzunguka, na atakayeisoma kesho huenda akaangalia namba tu.

Ndiyo sababu naona thamani ya huduma hii haimo katika alama za siku moja. Mama anayepeleka mtoto kupimwa kilo anajua kwamba nukta moja kwenye kadi haisemi kitu, mstari ndio unaosema. Na kwa mtu mwenye hatari ya kurithi, alama 26 za leo zinapata maana pale tu zinapowekwa kando ya alama za mwakani na za mwaka unaofuata, zikichukuliwa kwa lugha ileile na, ikiwezekana, na mpimaji yuleyule. Kliniki inahifadhi karatasi zenyewe, pamoja na michoro ya saa, na ukiomba nakala unapewa. Kwangu hilo pekee lilitosha kunifanya nisijutie malipo.

Sehemu ya pili iliyonipendeza ni ile isiyo na fahari yoyote. Kabla ya miadi tuliagizwa kuleta katika mfuko dawa zote tunazomeza, hata zile za kununua sokoni bila karatasi. Dada yetu alitoa vidonge vya mafua na mzio ambavyo alikuwa akivitumia usiku ili apate usingizi, vya jamii ya prometazini. Daktari alivitenga mezani akaeleza kwamba dawa za namna hiyo huzuia kemikali ambayo ubongo unaihitaji kwa kumbukumbu, na kwamba mtu anayelalamika kusahau huku akivimeza kila siku hawezi kupimwa kwa haki mpaka aviache. Damu ilichukuliwa kwa ajili ya sukari, homoni ya tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU, kwa sababu yote hayo yanaweza kuharibu kumbukumbu na yote yana matibabu. Presha ilipimwa mkono wa kulia na wa kushoto. Yangu ilikuwa juu. Nilikwenda kuuliza habari za jeni nikarudi na dawa za presha, na sioni kwamba nilidanganywa: tume ya jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, presha ikiwemo, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya dimensia duniani.

Katika orodha hiyohiyo, upungufu wa kusikia uko miongoni mwa mambo mazito zaidi, nayo ndiyo lawama yangu ya pili. Yaya ameishi na kelele za mitambo maisha yake yote, anasikia nusu. Hakuna aliyepima masikio yake kabla ya kumsomea maneno. Mtu asiyelisikia neno hawezi kulikumbuka, na kliniki inayojiita ya kumbukumbu haina udhuru wa kukosa hata kipimo cha mnong'ono, ambacho hakigharimu kitu.

Sasa habari ya picha. Mapokezi walikwishaandika skana kwa sisi wote watatu kabla hatujamwona daktari, na bei yake ilizidi kwa mbali mazungumzo na vipimo vya damu vikiunganishwa. Daktari alifuta majina mawili kwa kalamu yake. Alieleza kwamba skana ya kawaida inafaa kutafuta damu iliyovuja baada ya kuanguka, uvimbe, maji yaliyojaa kichwani au alama za kiharusi kidogo, na kwa mwenye dalili ni ya lazima. Lakini kwa mtu asiye na dalili, haioni amiloidi hata kidogo, na mabadiliko ya kwanza ya hipokampasi yanaweza kuipita bila kuonekana. Aliibakiza ya yaya tu, kwa kuwa aliwahi kuangukiwa na chuma kichwani. Ni jambo la kushukuru kuwa na daktari wa aina hiyo, lakini mgonjwa asiye na mtu wa kumtetea angekuwa amekwishalipa kwenye dirisha.

Kuhusu kipimo cha jeni ya APOE, walitutajia kwamba sampuli inaweza kupelekwa nje ya nchi. Tulikataa, na nawashauri wenye hali kama yetu wafikiri vizuri. Aina ya e4 ya jeni hiyo huongeza hatari ya Alzheimer, lakini ukubwa wa hatari unaonukuliwa mara nyingi umetokana na watu wa asili ya Ulaya. Ibadan uhusiano huo ulionekana dhaifu kuliko Indianapolis. Kwa mtu mzima wa afya, jibu halibadilishi chochote katika matibabu yake. Lina kazi kwa mgonjwa anayefikiriwa kupewa dawa kama lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa walio katika hatua za mwanzo, kwa kuwa wenye e4 mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, hupata zaidi uvimbe na kuvuja damu katika ubongo. Dawa hiyo hutiwa mshipani na hudai picha za ubongo za IRM (MRI) mara kwa mara. Kwetu si swali la leo.

Jambo ambalo halimo kwenye karatasi ya bei, na ambalo ningelilipia kwa hiari, ni kikao cha familia. Daktari aliwaita watoto wetu na shemeji, akawaeleza kwamba nkambo yao anaposema ameibiwa sufuria aliyoiweka mwenyewe, au anapotoka usiku na kutembea kwenye uwanja, ni ugonjwa wa ubongo na si ulozi. Hakudharau kanisa la mtu wala hakucheka. Alisema tu kwamba hipokampasi iliyosinyaa haikumbuki sufuria iliwekwa wapi, na akili hujaza pengo kwa kumshuku aliye karibu. Binamu yetu mmoja, ambaye amekuwa akinong'ona maneno mabaya juu ya mama tangu mwaka jana, aliuliza maswali mengi kuliko sisi sote.

Kwa atakayekwenda: panga miadi ya asubuhi, ule kwanza isipokuwa ukiambiwa usile kwa ajili ya damu, na uvae miwani yako. Njoo na mtu anayeishi nawe, si mtoto aliye Kolwezi anayekuona Krismasi. Sema mwanzoni kabisa lugha unayotaka kupimiwa, na uombe iandikwe kwenye fomu ili mwakani iwe hiyohiyo. Usilipe skana kabla ya kumwona daktari. Malipo ni kwa dola au kwa faranga kwa kiwango cha siku, risiti hutolewa bila kuombwa, na ripoti iko tayari baada ya majibu ya labo kurudi, ambayo kwetu yalichelewa kwa sababu ya kipimo cha B12.