Maharage makavu au ya kopo?
Kama huli nyama wala maziwa basi maharage ndo kila kitu, sasa ununue makavu au ya kopo? Ya kopo ni fasta, unafungua unasuuza unatia kwenye mchuzi, ila kopo la gramu 400 ukimwaga maji unabaki na kama 240 hivi, yani umelipia maji na bati. Makavu kikombe kimoja kikiiva kinakua karibu vitatu, shida yake kuloweka usiku kucha alafu gesi nayo inaenda, ndo maana mi napika mengi kwa mpigo naweka friza kwa mafungu. Mekundu lazima yatokote kwelikweli dakika 10, yakiwa mabichi yanavuruga tumbo vibaya. Kopo moja la dharura ninalo, sikatai.