Krola ya rimoti ya kupanda mwamba mkali: ipi ununue, ipi uiache

Gari la rimoti likigoma kupanda mwamba, watu hukimbilia kulaumu mota. Hebu piga magoti ulitazame kwa karibu. Utaona moja kati ya mawili: tairi za mbele zinainuka taratibu, zinaelea kidogo, kisha gari linaanguka chali, au tairi zote nne zinazunguka palepale huku zikiparuza jiwe. La kwanza ni uzito kukaa juu mno au nyuma mno. La pili ni raba ngumu. Mota haimo kabisa kwenye kesi hiyo, na ndiyo maana sikuipa nafasi katika mpangilio huu.

Twende kwenye hesabu kidogo. Chukua gari lenye sentimita 31 kati ya ekseli mbili. Uzito ukigawanyika nusu kwa nusu, na kitovu chake kikiwa sentimita 12 juu ya ardhi, litabinuka kwenye mwinuko wa nyuzi 52 hivi. Shusha kitovu hadi sentimita 9, sogeza asilimia 60 ya uzito mbele, na sasa litabinuka karibu na nyuzi 64. Mota ni ileile, betri ni ileile.

1. Krola za uzito wa chini, skeli ya 1/10 (yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi). Hizi zimebuniwa kwa kazi hii: fremu nyembamba, betri imesogezwa mbele, bodi nyepesi. Redcat Ascent inakuja tayari kuendeshwa, na kwa anayeanza ndiyo ningeichagua bila kusita. Vanquish VRD Carbon ni ya kuunga mwenyewe. Mota, servo (kimota kidogo cha kugeuza tairi za mbele), spidi kontrola (kifaa kinachodhibiti mwendo na breki za mota) na rimoti unatafuta kivyako. Inapanda vizuri sana, lakini usiinunue kama bado hujawahi kufumua difu (gia inayogawa nguvu kati ya tairi mbili za ekseli moja) ukairudisha ikafanya kazi.

2. Axial Capra. Badala ya bodi nzito ya gari la kawaida ina kizimba cha mabomba, na ekseli zake ni za potali. Potali ni gia ndogo zilizofungwa kwenye kila gurudumu, kwa hiyo ekseli inakaa juu zaidi na haikwami kwenye mawe. Faida ya pili haitajwi sana. Kwa kuwa gia ya mwisho ya kuongeza nguvu iko gurudumuni kwenyewe, shafti zinabeba msokoto mdogo. Kwenye gari lenye ekseli za kawaida, ukiongeza mwendo ghafla katikati ya mlima utaona chesi (fremu) inajipinda upande mmoja na tairi moja ya mbele inanyanyuka. Kwa potali hali hiyo hupungua sana.

3. Traxxas TRX-4. Ilitoka 2017 na bado watu wanaitaka, kwa haki: potali, gia mbili, na difu unazozifunga kwa rimoti (tairi mbili za ekseli zizunguke pamoja) na kuzifungua tena. Tatizo ni bodi. Zile zenye paa refu, vioo na mizigo ya mapambo zinapendeza kwenye picha ila zinaweka uzito pale usipoutaka. Na tuseme ukweli, kwenye mwinuko mkali difu zinabaki zimefungwa muda wote, kwa hiyo kitufe hicho utakitumia zaidi ukiwa tambarare. Toleo la Sport halina kitufe hicho, difu zake zimefungwa muda wote, na kwa mpanda miamba halipotezi kitu kikubwa.

4. Ndogo: Traxxas TRX-4M (1/18) na Axial SCX24 (1/24). Za ndani ya nyumba. Ngazi na vitabu vinageuka milima. Nje, kokoto moja inatosha kuzisimamisha.

Usinunue gari lolote ambalo difu zake hazifungwi na kifyatulio chake cha mwendo ni cha kuwasha na kuzima tu. Tairi moja ikielea, nguvu yote inaishia hewani.

Ukishanunua, pesa ya kwanza iende kwenye tairi. Ili kukwea nyuzi 45 raba inahitaji mgawo wa msuguano wa 1 au zaidi. Raba laini yenye sponji laini ndani hufika hapo juu ya jiwe kavu, ngumu haifiki. Pesa ya pili iende kwenye servo yenye nguvu, maana tairi laini iliyobanwa kati ya mawe mawili ni nzito kugeuza. Ya tatu, vipande vya shaba kwenye ekseli na magurudumu ya mbele, kamwe si juu ya chesi. Mimi nilianza kinyumenyume: nikafunga mota kali na betri ya seli 3 iliyo nene kama tofali, kisha nikatumia wiki nzima kuliokota gari chini ya mwamba uleule.

Kabla ya kulipa, fanya vipimo viwili. Weka mizani mbili za jikoni, moja chini ya tairi za mbele na nyingine chini ya za nyuma, betri ikiwa ndani. Mbele kukiwa kwepesi kuliko nyuma, endelea kutafuta. Kisha lipandishe kwenye ubao ulioinamishwa na, likifika katikati ya ubao, uachie kifyatulio cha rimoti. Linatakiwa kusimama tuli papo hapo. Likianza kuteleza kurudi, muulize muuzaji kama spidi kontrola inaruhusu kuongeza breki, na akuonyeshe akiongeza.